Lifti ya Chai

Winchi alikuwa mtu wa kujaza mlango. Hata pale alipokaa, kwenye benchi la chumba cha mahojiano, magoti yake yaligusa chini ya meza, na pingu zilimbana kama bangili za mtoto. Inspekta akatoa kwenye mfuko wa nailoni shati moja la kaki lenye damu iliyokauka kifuani.

"Hili ni lako?"

"Langu, afande."

"Na damu?"

"Ya marehemu. Sijakataa toka mwanzo. Nilimbeba."

"Ulimbeba ukamwangusha."

"Nilimbeba akiwa ameshaanguka." Winchi alishusha pumzi. "Afande, mimi nabeba watu katika jengo lile tangu lifti ilipobandikwa karatasi ya ubovu. Nimebeba waliopooza, nimebeba waliokatwa miguu. Nimembeba bwana mmoja mnene mpaka mke wake akanionea wivu. Sijaangusha hata fimbo ya mtu."

Jengo alilolitaja ni la Ofisi ya Mafao. Ghorofa ya tatu ndiko walikopimwa watu wanaoomba mafao ya serikali ya ulemavu wa muda mrefu, wale ambao mwili umewakatalia kazi na hautarudi kuwakubali. Juma lililopita mwanamke mmoja dobi, aliyelika nyonga zote mbili kwa kusimama miaka mingi juu ya beseni, alikufa kwenye ngazi za jengo hilo. Daktari mpimaji alitoa maelezo mafupi na safi: alimpima Dobi, akamkuta anaweza kufanya kazi, mama wa watu akakasirika, akamkodi Winchi amteremshe, Winchi akateleza. Kesho asubuhi Winchi angepelekwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Lilikuwa neno la daktari dhidi ya neno la mtu anayebeba watu mgongoni, na mkuu wa kituo hakuona sababu ya kupoteza mafuta ya gari.

Inspekta aligeuza shati. Mgongoni hapakuwa na doa lolote. Mabegani pia palikuwa safi.

"Wewe hubebaje watu?"

"Mgongoni. Yeye anashika mabega, mimi nashika mapaja. Mikononi wanabebwa maharusi na maiti."

"Damu iko kifuani."

Winchi aliinamisha kichwa. "Nilisikia kishindo nikakimbia juu. Nikamwinua. Nilijua pale pale, afande. Mtu aliye hai hujibeba kidogo."

Maneno hayo yalimganda Inspekta. Mtu anaweza kutunga uongo juu ya alipokuwa na saa aliyopita, lakini uongo wa namna ile hautungwi. Alikunja shati, akalirudisha mfukoni.

"Ukisali," alimwambia Winchi akiwa mlangoni, "niombee na mimi. Nina siku moja tu."

*

Mdogo wake Dobi, Inspekta alimkuta uani akipiga pasi. Naye alikuwa dobi, kama dada yake, kama mama yao. Kamba zilijaa mashuka ya watu, na harufu ya sabuni ilikuwa nzito kiasi cha kukwaruza koo.

"Karibu, dada. Kaa hapo, ila usiguse shuka, la mteja."

"Pole na msiba."

"Ahsante. Tumeshapoa." Hakuwa amepoa. Pasi ilikuwa ikipita mahali pale pale.

"Nimekuja kuomba gauni alilovaa dada yako siku ile."

Mwanamke yule alionyesha kamba kwa kidevu. Gauni la buluu lilikuwa likining'inia kati ya mashuka, limenyooka.

Inspekta alifumba macho. "Umelifua."

"Ningeliachaje? Nguo chafu ndani ya nyumba hii? Marehemu angefufuka anichape."

"Lilikuwa ushahidi, mdogo wangu."

"Ushahidi!" Pasi ikatua kwa kishindo. "Mbona hamkusema? Mlinipa limekunjwa kwenye mfuko kama kitunguu. Mtu akinipa nguo chafu, mimi nafua. Mwenzangu akipewa mtoto anayelia, si anambembeleza?"

Katika miaka yake yote ya kazi Inspekta hakuwahi kuona kosa lenye haki kama lile. Alivuta kigoda, akakaa.

"Basi niambie. Ulipolifua, doa lilikuwa wapi?"

"Damu hapa kolani. Hiyo ilitoka kwa chumvi na maji baridi. Lakini ile nyekundu nyingine ilinitoa jasho. Nta, ile ya kung'arishia sakafu. Ilikuwa magotini, na kitambaa kimelika kabisa, tazama, unaweza kupitisha kidole."

"Na nyuma? Makalioni?"

"Nyuma palikuwa safi."

"Una hakika?"

"Dada, wewe unasahau sura ya mwizi?" Kisha sauti ikamlegea. "Na tulipomwosha ilikuwa viganjani. Chini ya kucha. Na juu ya vidole vya miguu, hapa panapokaa kucha, ngozi ilikuwa imechubuka. Shangazi alisugua na kusugua. Akasema mwacheni, Mungu atampokea na wekundu wake."

Inspekta aliagana naye. Kwenye gari alimweleza konstebo wake, ambaye ndiye pia dereva, na konstebo akatikisa kichwa.

"Mkuu atasema ni maneno ya ndugu wa marehemu. Na gauni limefuliwa."

"Atasema hivyo."

"Sasa?"

"Sasa unipitishe nyumbani. Nina gauni moja la kudekia."

*

Siku hiyo hiyo ilikuwa ya kupimwa, na ukumbi wa chini wa Ofisi ya Mafao ulikuwa umejaa tangu jua halijakaza. Walikaa sakafuni kwa sababu mabenchi yalikuwa mawili tu. Mwashi mzee aliyeanguka kutoka jukwaani alikuwa amenyoosha miguu kama mbao alizozisahau mtu. Mama mmoja alimpepea mume wake aliyeinamia upande mmoja. Magongo yalilazwa ukutani. Kila mtu alishika fomu. Mlango wa lifti ulibandikwa karatasi: MBOVU. Karatasi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na kona zake zilishikwa na gundi ya juzi.

"Winchi yuko wapi leo?" mtu aliuliza.

"Ndani. Wanasema ameua."

"Ameua? Yule? Akikanyaga sisimizi anaomba radhi."

"Basi leo tutapandaje?"

Mwashi mzee alizitazama ngazi. Inspekta, na gauni lake la kudekia na kilemba kilichofifia, alipita katikati yao hadi kwenye ngazi.

Alichunguza alipokuwa akipanda. Ghorofa ya kwanza: saruji tupu, vumbi. Ya pili: saruji tupu. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, wanakokaa wakubwa, ngazi zilibadilika. Zilipakwa nta nyekundu, zikang'aa kama midomo ya mtu aliyekula mafuta. Hapo ndipo Dobi alipochafuka, na si mahali pengine.

Akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akapiga bismillahi ya moyoni, kwa maneno yake mwenyewe, akapiga magoti.

Alipanda kwa viganja na magoti. Ngazi ya kwanza ilikuwa mchezo. Ya nne haikuwa mchezo tena. Mifupa ya goti ilikutana na kingo za saruji, nta ikaingia chini ya kucha, na vidole vya miguu, vikiburutwa nyuma yake, vikaanza kuungua juu, pale pale panapokaa kucha. Akageuka, akajaribu kushuka kama ambavyo mtu asiye na nyonga angeshuka. Kwa magoti haikuwezekana; kichwa kilimtangulia. Ilibidi akae, ashuke kwa makalio. Akasimama, akalivuta gauni mbele na kulitazama. Nyuma palikuwa pekundu tii.

Gauni la Dobi nyuma lilikuwa safi.

Basi Dobi hakuwa akishuka. Alikuwa akipanda. Na kama alikuwa akipanda, alikuwa hajapimwa. Yule aliyeandika kwamba amempima aliandika nini?

Inspekta alirudi magotini ili apande hadi juu, amalize jambo alilolianza. Alikuwa amebakiza ngazi chache aliposikia sauti juu yake, laini, ya mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

"Njoo, mama. Njoo. Vizuri."

Alikuwa mwanaume mwembamba, shati jeupe, harufu ya sabuni ya bei. Aliegemea kwenye reli ya ngazi mikono imekunjwa, na usoni alikuwa na furaha. Furaha hasa. Inspekta alizoea nyuso za wezi na za waongo. Hiyo hakuizoea.

"Usitafute mtu wa kukushika. Tazama ulivyofika! Wangekuambia huwezi, na kumbe unaweza."

"Nimechoka, Daktari," Inspekta alisema, na haukuwa uongo.

"Sote tunachoka. Haya, sasa simama."

"Nikisimama?"

"Ukisimama tumemaliza. Sina haja hata ya kukupima."

Inspekta alisimama. Akafuta kiganja chekundu kwenye gauni, akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambulisho.

Daktari alikisoma. Hakushtuka. Alicheka kidogo, kama mwalimu aliyetegwa na mwanafunzi anayempenda.

"Unaona sasa?" alisema. "Ningekunasa hata wewe."

*

Ofisi yake ilikuwa na zulia, kiyoyozi, na dirisha linalotazama upande wa pili wa ngazi. Inspekta hakukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili. Hakutaka kuchafua kiti, kisha akajicheka kwa kujali kiti cha mtu yule.

"Nieleze unavyopima."

"Kwa furaha. Hakuna anayeniulizaga." Daktari alisogea mbele. "Karatasi za hospitali zinanunuliwa, Inspekta. Machozi ni ya bure. Nimeletewa vipofu wanaosoma saa. Nikajiuliza, kitu gani hapa hakidanganyi? Ngazi. Ngazi hazidanganyi."

"Anayepanda mwenyewe?"

"Ana nguvu. Afanye kazi."

"Anayebebwa?"

"Ana watu wa kumtunza. Serikali si shangazi yake."

"Asiyepanda?"

"Hakufika. Faili linafungwa."

Inspekta aliacha kuandika. "Basi nani anapata?"

Daktari alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, macho juu ya dari.

"Wapo," alisema mwishowe. "Mwaka juzi alikuwepo mmoja."

Mlango uligongwa. Mama wa makamo aliingia akisukuma kigari cha magurudumu. Juu yake kulikuwa na birika kubwa la chai linalotoa mvuke, vikombe, visahani na bakuli la sukari. Alimimina kwa adabu, akaweka mbele ya Daktari, akasita mbele ya mgeni mwenye gauni chafu, akaweka na kwake.

Inspekta alitazama visahani. Vyote vilikuwa vikavu.

"Mama, jiko liko wapi?"

"Chini, mwanangu. Nyuma ya ukumbi."

"Na umepanda kwa wapi?"

Mama akamtazama Daktari. "Ngazi."

"Na kigari?"

Mama alipanga upya visahani.

"Ghorofa tatu, mama, na birika la moto, na hata tone moja halikumwagika. Watu wanaojua kubeba hivyo huitwa kwenye sarakasi."

"Mwanangu, nakaribia kustaafu. Usinitie matatani."

"Aliyetiwa matatani yuko ndani na pingu, kwa kosa la kumwinua mtu aliyeanguka. Nyinyi mlikunywa chai."

Mama alilirudisha birika kigarini, na sasa ndipo chai ilipomwagika. "Lifti ni nzima," alisema chinichini. "Funguo anazo Daktari. Siku za kupima anaifungua kwa ajili ya chai, kisha anaifunga. Mimi nimeambiwa nisipande nayo na mtu. Siku moja nilimwonea huruma mtoto wa watu, nikamwingiza. Nikakatwa mshahara." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Yule Dobi aliniomba. Kwa jina la Mungu aliniomba. Nikamwambia ni mbovu."

"Nenda, mama. Utaandika maelezo baadaye."

Mlango ulipofungwa, Daktari alikoroga sukari. "Kipimo kinahitaji masharti yaliyo sawa kwa wote," alisema. "Huwezi kumpa mmoja lifti na mwingine ngazi."

"Isipokuwa chai."

"Chai haiombi mafao."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa mla rushwa. Kwa juma zima alikuwa akitafuta bahasha, shemeji mwenye gari jipya, kitu chochote kinachonuka uroho, kwa sababu uroho unaeleweka na una dawa. Mtu huyu hakula hata senti ya mtu. Alilala vizuri. Inspekta aliisogeza mbali ile chai.

"Dobi alipanda kama nilivyopanda mimi?"

"Polepole zaidi."

"Nawe ulisimama palepale kwenye reli."

"Nasimamaga kila siku. Ni kazi yangu."

"Alipofika juu ulimwambia nini?"

"Nilichokuambia wewe."

"Asimame."

"Na alisimama!" Daktari aliinua kidole. "Hilo liandike. Aliishika reli, akasimama. Kwa miguu yake."

"Kwa muda gani?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha nini?"

"Kuandika."

Kiyoyozi kilinguruma. Inspekta aliikandamiza kalamu mezani.

"Ulikuwa unaandika alipoanguka."

"Nilikuwa nimeinamisha kichwa, ndiyo. Niliandika nilichokiona kwa macho yangu: anaweza kupanda, anaweza kusimama. Kilichotokea baada ya hapo si sehemu ya kipimo."

"Na Winchi?"

Kwa mara ya kwanza Daktari alisogeza macho pembeni. "Watu wote walimwona akiwa naye mikononi. Polisi wako aliuliza nani alimwangusha. Sikutaka ngazi zilaumiwe. Kazi nzuri ingeharibika kwa ajali moja." Akaongeza, kama mtu anayetoa msamaha, "Na yule bwana ni kikwazo. Anaharibu matokeo."

Inspekta aliandika yote, neno kwa neno, akamsukumia asome. Daktari alisoma mara mbili. Pale palipoandikwa "alitambaa" akakata, akaandika juu yake "alipanda". Kisha akasaini, saini ndefu yenye mkia.

Simu ya kituoni ililia sana kabla haijapokewa.

"Mkuu, mwachieni Winchi. Nina maelezo yaliyosainiwa, na shahidi wa pili yuko jikoni."

Mkuu wa kituo alinung'unika, akauliza, akanung'unika tena. Kwa mbali Inspekta alisikia funguo, halafu sauti nzito ikiuliza kama lile shati lake atarudishiwa.

"Mwambieni ndiyo," Inspekta alisema. "Na mwambieni ndugu zake Dobi watamfulia."

Konstebo alikuja na pingu. Daktari alinyoosha mikono bila ubishi, akiomba tu wasiharibu saa yake. Kisha, kwa mazoea, akatoa funguo, akafungua lifti. Ilishuka bila mlio.

Mlango ulifunguka chini, nyuma ya ile karatasi ya MBOVU, na ukumbi mzima ukageuka. Inspekta alingoja makelele. Alingoja mtu arushe gongo, na moyoni aliomba Mungu amsamehe kwa kutamani hivyo.

Mwashi mzee ndiye aliyesema kwanza. "Mnampeleka wapi?"

"Kituoni, baba. Amekamatwa. Hatawapima tena."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Mama mwenye mume aliyeinama akajivuta mbele kwa mkono mmoja.

"Leo? Mnamchukua leo? Dada yangu, sisi tumetoka mbali. Mume wangu hii ni mara yake ya mwisho, wakisema hakufika wanafunga. Mwacheni apime kwanza ndipo mwende naye."

"Mama, mtu huyu ameua."

"Tunajua alivyo. Akishamaliza kupima, mfungeni hata milele. Atakuja mwingine lini?"

Inspekta aliitazama fomu mkononi mwake yule mama. Hakujua.

Wakaanza wote. Atupe saini tu, afande. Hata ukumbini hapa, tutamsogelea sisi. Ngazi tumeshazizoea. Daktari alimgeukia Inspekta, na ile furaha ya kwenye reli ikamrudia usoni.

"Unawasikia?" alimnong'oneza. "Wananipenda."

Mwashi mzee alikuwa na masikio mazuri.

"Hatukupendi, Daktari," alisema. "Hata choo hatukipendi. Tuna haja nacho tu."

Mama akaikunjua fomu ya mume wake. Inspekta akamshika Daktari mkono, wakaanza kupita katikati ya magongo na miguu iliyonyooshwa, na kila waliyempita aliinua fomu yake juu, kuielekea ile mikono yenye pingu.